Baraza la Nyumbani Lisivunjwe

Mwezi uliopita kaka yangu alinitumia mchoro wa fundi wa kukarabati nyumba ya wazazi wetu iliyopo Ngamiani, Tanga. Ulikuwa na paa jipya na choo cha ndani, na mbele ya nyumba, pale lilipo baraza alilokuwa akikaa marehemu baba kila baada ya swala ya alasiri, palichorwa ukuta wa matofali na geti la chuma. Fedha za kazi hiyo zinatoka kwangu, kwa hiyo rai yangu iliombwa. Nimeona niitoe hadharani, kwa sababu najua wengi wetu tulio ughaibuni tumekwisha kugharimia kuta za namna hiyo.

Ninaishi Malleshwaram, mtaa wa makazi katika jiji la Bengaluru, kusini mwa India. Jiji lenyewe lina mamilioni ya watu na foleni za magari zisizokwisha, lakini ukiiacha Barabara ya Sampige na kukata kona kuingia njia za ndani, kelele zote hubaki nyuma, ukasikia kengele ya hekalu na mluzi wa sufuria ya presha kutoka jikoni kwa mtu. Njia hizo zimepewa namba, na wenyeji huziita krosi: krosi ya nane ndiyo yenye soko, krosi ya kumi na nane ina uwanja. Mimi niliyekulia kwenye mitaa iitwayo Barabara ya 8 na Barabara ya 9 sikupotea hata siku moja.

Utulivu huo haukuja wenyewe. Mwaka 1898 tauni iliingia Bengaluru na kuua watu wengi katika mji wa kale uliosongamana, ndipo vikapimwa viwanja vipya nje yake: Malleshwaram upande wa kaskazini na Basavanagudi upande wa kusini. Njia zilinyooshwa ili hewa ipite, na nyuma ya nyumba vikaachwa vichochoro vya kuzolea taka. Barabara kuu mbili za mtaa zilipewa majina ya miti. Sampige ni mti wa maua ya manjano yanayonukia sana. Margosa ndio huu mwarobaini wetu, ambao asili yake ni hukohuko Bara Hindi. Mwezi wa Machi, katika mwaka mpya wa Wakannada, wenyeji wa huku, nililishwa maua ya mwarobaini yaliyochanganywa na sukari guru, uchungu na utamu katika tonge moja.

Miti hiyo ina wenyewe. Mwaka 2023, wakazi walipoona kwamba daraja la magari lililopangwa kando ya bwawa la Sankey, lililochimbwa mwaka 1882, lingekata miti mingi, walitoka wazee kwa watoto kuupinga mpango huo, nao ukasimamishwa. Sisi Ngamiani tuna mitaa iliyonyooka vilevile, lakini saa saba mchana unatembea jua la utosi kutoka mwanzo wa barabara hadi mwisho wake, na mwarobaini uliobaki ukikatwa kupisha fremu ya duka hakuna anayeuliza. Kuitetea miti kama wenzetu wa Malleshwaram ndiko ninakotamani tuige.

Geti silitamani. Nyumba za zamani za huku, zenye vigae na vikofia vya mbao vilivyochongoka juu ya madirisha, zilijengwa na jukwaa la kukalia mbele ya mlango, ambalo kwa Kikannada huitwa jagali. Nililitambua mara moja, kwani ni baraza letu hasa. Leo nyingi zimebomolewa kupisha maghorofa, na zilizobaki zimezingirwa na geti, hata jagali halina anayelikalia. Nilipokuwa nikitafuta chumba nilikataliwa mara tatu, na mara zote tatu jibu lilitoka nyuma ya geti, bila mtu kuniuliza jina wala ninakotoka. Ningekuwa nimesimama mbele ya baraza, angalau tungesalimiana kwanza.

Aliyenipokea hatimaye ni bibi mmoja ambaye, kama watoto wa mtaani, namwita Ajji, yaani bibi kwa Kikannada. Kila alfajiri hufungua geti lake, akamwagia maji kizingiti, akachukua unga mweupe kwa ncha za vidole na kupanga vitone, kisha akachora mstari unaovizunguka vyote bila kugusa hata kimoja. Muuza asumini husimama hapohapo, akampimia shada kwa dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kama wapimavyo nguo wazee wetu wa pwani. Kwa muda ule mlango huwa wazi na mtaa huwa mtaa. Miezi miwili nilipita nikiinamisha kichwa tu, siku moja akaniuliza, "Oota aayta?", yaani umekwisha kula? Tangu siku hiyo nina mtu wa kunijulia hali.

Kaka anasema wezi wameongezeka, na simbezi, kwa kuwa yeye ndiye anayelala pale. Ila naamini mwizi huogopa zaidi wazee wanne wanaocheza bao barazani hadi saa nne za usiku kuliko ukuta unaomficha akisharuka ndani. Milango na madirisha tuyatie nondo; hilo nimekubali kulilipia.

Nimemrudishia mchoro jana. Ukuta nimeufuta, baraza nimeomba lisakafiwe upya na kuongezwa upana wa dhiraa moja ili mkeka wa mama uenee, na fedha ya geti inunue miche miwili ya mwarobaini pamoja na uzio wa kuikinga na mbuzi. Mama amesema mmoja upandwe upande wa magharibi, ambako jua la alasiri lilikuwa likimfukuza baba kitini.