Kwa uliyesema tusichange

Ndugu uliyeandika hapo juu kwamba kuchangia programu huria, hizi za kompyuta ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha bure, ni kuwapelekea Wazungu hela, ngoja kwanza. Mimi steshenari yangu hapa Nyegezi nachapa ripoti za wanachuo kwa LibreOffice, programu huria ya kuandikia kama Word, na sijawahi kudaiwa hata senti. Sawa, leseni inaruhusu. Lakini kuna watu wanaoitengeneza kila siku.

Mnaikumbuka Heartbleed, lile tundu la usalama lililogunduliwa 2014? Lilikuwa kwenye OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya tovuti chungu nzima duniani, nayo ilikuwa ikipata michango ya dola kama 2,000 tu kwa mwaka. Tundu likakaa humo miaka miwili bila kugunduliwa. Hiyo ndiyo bure yenu.

Mwandishi wa makala hii tunayoijadili naye anasema tuchangie programu hizi kwa kadi ya benki. Hapo kaongea kama mtu wa Masaki, kwa matajiri wa Dar. Wengi wetu huku Mwanza hela inakaa kwenye simu. Basi tutoe kazi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kama hii LibreOffice, kwa Kiswahili. Vijana wa SAUT, chuo kikuu chetu hapa Mwanza, mnaosoma kompyuta, tafsiri ya Kiswahili ya LibreOffice inahitaji watu. Wenye steshenari wenzangu, tukikusanya elfu mbili mbili kwa mwezi, mmoja mwenye kadi atatutumia.