Jibu la snprintf Lisitupwe

Sisi tuliojifunza lugha ya C tumeonywa mara nyingi tuachane na sprintf, fanksheni ya kupanga maandishi na kuyahifadhi kwenye kumbukumbu, na onyo hilo ni la haki, kwa sababu fanksheni hiyo haijui ukubwa wa safu ya herufi inamoandika. Maandishi yakizidi, huendelea kuandika juu ya kumbukumbu ya vitu vingine, na mlango huo wavamizi wa mifumo wameutumia sana. Kiwango cha C cha mwaka 1999 kikaleta snprintf, ambayo hupewa ukubwa wa safu na haivuki mpaka. Wengi wetu tulibadilisha jina, tukaongeza sizeof inayotoa ukubwa wa safu, tukaamini kazi imekwisha. Kwa maoni yangu, ilikuwa imefika nusu tu.

Tazama mfano huu:

char ujumbe[16];
int n = snprintf(ujumbe, sizeof ujumbe, "Salio: Sh %d", 1250000);

Ujumbe kamili una herufi 17, lakini safu inabeba 15 tu, maana baiti moja ni ya sifuri inayofunga maandishi. Kinachobaki ni "Salio: Sh 12500". Programu haikuanguka, na mteja mwenye shilingi milioni moja na robo anaonyeshwa elfu kumi na mbili na mia tano. Programu ikianguka, angalau utajua kuna jambo la kutafuta. Hapa kosa limevaa sura ya jibu sahihi, na ndiyo maana linanitia hofu.

snprintf yenyewe haikuficha kitu. Ilirudisha 17, yaani idadi ya herufi ambazo zingeandikwa kama nafasi ingetosha, bila kuhesabu ile sifuri ya mwisho. Sisi ndio hatuiulizi namba hiyo. Ikiwa n ni chini ya sifuri, kuna hitilafu. Ikiwa ni sawa na ukubwa wa safu au inauzidi, maandishi yamekatwa. Hiyo "sawa na" ndiyo husahauliwa: salio la 125000 hurudisha 16 kamili, na kwenye skrini bado husomeka 12500.

Asiyejua urefu mapema aite kwanza snprintf(NULL, 0, ...), ambayo huhesabu tu bila kuandika popote, aongeze moja ya ile sifuri kwenye hesabu atakayopewa, aombe kumbukumbu kwa malloc, kisha ndipo aandike. Wapo wanaosema kwamba kupanga maandishi mara mbili ni kupoteza muda wa kichakataji. Kwenye kitanzi kinachozunguka mara mamilioni hoja hiyo naielewa, lakini kwenye ujumbe unaomweleza mtu fedha zake siikubali hata kidogo.