Shangazi, Sambusa na Forodha ya Calais

Shangazi alipotoka Tanga kuja kututembelea London, tulipanda naye basi la watalii la kupitia Canterbury na Dover, kuvuka bahari kwa feri hadi Calais, kisha kuelekea Paris. Kwa kuwa hakuwa tayari kula nyama asiyojua imechinjwa na nani, alikesha jikoni akikunja sambusa, akazipanga katika ndoo ya plastiki iliyowahi kuwa ya aiskrimu na kuifunga kwa khanga.

Canterbury alilisifu kanisa kuu kwa ukubwa wake, akataka kujua ni nani anayelifagia. Dover nako polisi wa Ufaransa, ambao hukagua pasipoti upande huu kabla ya abiria kupanda feri, hawakuwa na neno na ndoo yake. Tulipokuwa majini ndipo mwongoza watalii alipotangaza kwamba, tangu Uingereza ijitoe katika Umoja wa Ulaya, msafiri haruhusiwi kuingia Ufaransa na nyama wala maziwa, na kwamba chochote kitakachokamatwa Calais kitatupwa.

Nilipomfasiria, Shangazi alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeitunga sheria hiyo.

"Chakula changu kitupwe, mwanangu? Labda nife kwanza."

Palepale akafungua khanga, akapita kiti hadi kiti akimwekea kila abiria wa basi letu sambusa mkononi bila kungoja jibu, na bila kumwonya mtu kuwa ndani mlikuwa na pilipili mbuzi. Mzee mmoja Mwingereza aliyevaa tai aliuma, akanyamaza, akawa mwekundu kuanzia shingoni hadi masikioni, kisha, machozi yakimtiririka, akatikisa kichwa kwa adabu kuonyesha kuwa ni tamu sana. Shangazi akamwongeza mbili.

Calais, afisa wa forodha aliingia garini na mbwa. Mbwa alimnusa abiria wa kwanza, akamnusa wa pili, akalitazama basi zima lililokuwa likinuka bizari na vitunguu, akaketi katikati ya njia. Ndoo ilipofunuliwa, zilikutwa ndimu zilizokwisha kukamuliwa.

Sheria haikuvunjwa, ila matumbo hayakusalimika. Katika karibu kilomita 300 za kufika Paris tulisimama kila palipokuwa na choo, hata saa yetu ya kupanda Mnara wa Eiffel ikapita, tukaishia kuutazama dirishani. Shangazi aliukagua kwa makini, akasema huo ni mnara wa simu tu. Mwongoza watalii alipouliza mama amesema nini, nilimweleza nikitarajia audhike. Badala yake akajibu kuwa mama hakukosea sana, kwani mnara huo wa mwaka 1889 ulikusudiwa kusimama miaka 20 tu, ukanusurika kubomolewa kwa sababu ulifaa kubeba antena za redio.

Kuanzia hapo, kila mwongoza watalii aliposhika kipaza sauti, Shangazi alinipiga kiwiko nimuulize kama anahitaji kusaidiwa.