Mwalimu wa Sayansi Apimwe kwa Jibu Lililokosewa

Ukitaka kujua mwalimu wa sayansi ni wa namna gani, usianze na matokeo ya darasa lake wala usianze na madaftari. Kaa dawati la nyuma, subiri mwanafunzi akosee, halafu tazama lile jibu linapelekwa wapi. Nimelisema hili kwenye vikao vya wazazi, nimelisema kwenye baraza za kahawa pale Masasi, na leo naliandika, kwa sababu kila tukizungumzia walimu wazuri na wabaya tunaishia palepale. Huyu anamaliza silabasi, yule hamalizi. Huyu notisi zake zinaeleweka, yule anaongea tu. Huyu mkali, yule mpole. Yote yana uzito, lakini hakuna hata moja linalokuambia kama mtoto anajifunza kufikiri.

Mimi nilisoma sekondari ya bweni mkoani Mtwara, na bahati yangu ni kwamba Kemia na Fizikia zilifundishwa na walimu wawili hodari waliotofautiana kabisa. Wote waliipenda kazi yao. Wote tuliwaheshimu. Sitawataja majina, maana ninachokisema hapa wangeweza kukisikia kama lawama, na mimi sina lawama nao.

Mwalimu wa Kemia alikuwa mtu wa mpangilio. Kengele ikilia yupo mlangoni. Ubao aliugawa kwa mistari miwili ya wima: kushoto vichwa vya habari, katikati maelezo, kulia mifano ya hesabu, na chaki ya rangi haikutumika ila kwa kitu ambacho lazima ukikumbuke kwenye mtihani. Hesabu za moli, kile kipimo cha kuhesabia chembe za kemikali, alizipanga hatua kwa hatua hadi aliyekuja darasani amekata tamaa akatoka ameshika kalamu. Kwenye kutambua chumvi alitupa jedwali la rangi ambalo hadi leo ninalo kichwani: shaba inatoa bluu, chuma cha aina ya pili kijani, chuma cha aina ya tatu kahawia ya kutu. Kidato cha nne, silabasi aliimaliza mapema, miezi iliyobaki ikawa ya pasti pepa. Madesa yake yalinakiliwa na wanafunzi wa shule za jirani. Wengi walifaulu Kemia kwa sababu yake, na wapo wanaofanya kazi hospitalini leo ambao wasingefika huko bila yeye.

Nasisitiza hili kwa sababu kuna wasomi wanaopenda kuwabeza walimu wa notisi. Waje huku kwetu waone. Mtoto amesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kijijini Tandahimba au Nanyumbu. Anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Kitabu cha kiada wanagombania dawati zima. Kwa mtoto huyo, ubao uliopangwa vizuri na notisi fupi zinazosomeka ni msaada mkubwa kuliko hotuba yoyote kuhusu mbinu shirikishi.

Lakini sasa twende kwenye jibu lililokosewa.

Siku moja alituchomea utepe wa magneziamu. Aliushika kwa koleo juu ya taa ya spiriti, ukawaka mwanga mweupe wa kuumiza macho, ukabaki unga mweupe unaovunjika ukiugusa. Akauliza: uzito wa huu unga ukilinganisha na utepe tuliouanza nao, umeongezeka au umepungua? Kijana mmoja wa dawati la mbele, si mzembe hata kidogo, akasimama akasema umepungua. "Kaa. Mwingine." Wa pili naye akasema umepungua. "Kaa. Mwingine." Wa tatu akasema umeongezeka. "Mpigieni makofi." Tukapiga makofi matatu ya mpigo, mwalimu akageukia ubao, akaandika mlinganyo: magneziamu na oksijeni hutoa oksidi ya magneziamu. Tukanakili.

Hakumtukana mtu, hakumchapa mtu. Aliruka tu. Na wale wawili waliokosea hawakuwa wamebahatisha. Wametoka nyumba ambazo mama anapikia mkaa. Gunia zima linaisha, jivu linalobaki halijazi hata debe. Kuni ni vivyo hivyo. Kila kitu walichowahi kukiona kinaungua kilipungua. Jibu lao lilikuwa na ushahidi wa maisha yao yote, na darasa likawaambia wakae chini bila kuwaeleza ushahidi ule umepungukiwa wapi. Hakuna aliyewaambia kwamba mkaa nao unashika oksijeni ukiungua, ila kinachotengenezwa ni gesi inayopaa na kutoweka, wakati cha magneziamu ni kigumu kinachobaki mbele ya macho. Wangeambiwa hivyo wangeondoka na mambo mawili mahali pa moja. Na wangejua pia kwamba wakemia wa Ulaya waliamini kwa miongo mingi kwamba kitu kikiungua kinapoteza kitu, wakakipa hata jina, flojistoni, hadi Antoine Lavoisier alipopima kwa mizani makini miaka ya 1770 akaonyesha kwamba kinachoungua kinachukua kitu kutoka hewani. Kijana wetu wa dawati la mbele alikosea kosa la watu wazito. Nadhani hakuwahi kunyoosha mkono tena kwenye Kemia.

Madamu wa Fizikia alikuwa kinyume chake. Chumba chake kilikuwa na kelele. Ubao wake ulichafuka ndani ya dakika chache, na aliyetegemea kuunakili aliambulia mishale na vibonzo. Lakini alikuwa na desturi moja ambayo sikuiona kwa mwalimu mwingine yeyote, hata chuoni: jibu lililokosewa aliliandika ubaoni, maneno kamili ya mwanafunzi, na chini yake akaandika, "Tulifuate."

Tulikuwa kwenye mada ya mgandamizo. Wenyeji wa uwanda wa Makonde mnajua habari ya maji: ardhi iko juu, maji yako chini sana, na ya bomba hupandishwa kwa mashine kutoka mabondeni. Madamu akauliza: nina kisima cha kina cha mita 30, nimeweka pampu juu mdomoni mwa kisima, inavuta kwa bomba, maji hayaji. Nifanye nini? Msichana mmoja wa Newala akajibu bila kusita, "Madamu, pampu haina nguvu. Nunua kubwa zaidi." Darasa zima tuliafiki. Ikaandikwa ubaoni: pampu kubwa zaidi italeta maji kutoka kina chochote. Tulifuate.

Akaagiza ndoo ya maji na chupa ya plastiki ya lita moja na nusu. Akaijaza chupa pomoni, akaziba mdomo kwa kiganja, akaipindua, akauzamisha mdomo ndani ya maji ya ndoo, kisha akatoa kiganja. Maji ya kwenye chupa hayakushuka. Yakabaki yamesimama mle, juu ya usawa wa maji ya ndoo. "Nani anayashikilia?" Mmoja akasema chupa inayavuta. Nalo likaandikwa. Akachukua pini aliyoipasha moto, akatoboa kitako cha chupa kilichokuwa juu. Maji yakaporomoka yote. "Chupa imeacha kuvuta kwa sababu ya tundu la pini?" Kimya. Halafu yule yule msichana wa Newala akasema polepole kwamba labda kulikuwa na kitu kinasukuma kutoka chini, na sasa kimepata mwenzake wa kusukuma kutoka juu.

Hapo ndipo hesabu ilipoingia, na iliingia ikiwa na kazi ya kufanya. Hewa inayatandika maji ya ndoo kwa mgandamizo wa takribani paskali 100,000. Gawanya kwa uzito wa maji, kilo 1,000 kwa kila mita ya ujazo, na kwa mvutano wa dunia, unapata kama mita 10. Huo ndio mwisho. Pampu iliyokaa juu haivuti maji. Inaondoa hewa bombani, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Hata ukileta pampu ya ukubwa wa lori, hewa ya nje haitakuzidishia hata mita moja. Kwa kisima cha mita 30, pampu lazima ishuke chini iyasukume maji kutoka huko. Msichana yule alilisema hilo mwenyewe kabla Madamu hajafungua mdomo.

Baadaye ndipo akatusimulia kwamba Galileo, mwanasayansi mkubwa wa Italia, naye aliukuta mkwamo huohuo. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1638 alieleza kwamba nguzo ya maji ikizidi urefu fulani inakatika kwa uzito wake yenyewe, kama kamba iliyozidiwa na mzigo. Galileo alikosea. Ni Evangelista Torricelli, aliyewahi kuwa msaidizi wake, ndiye aliyeeleza kwenye barua ya mwaka 1644, kwa jaribio la zebaki, kwamba ni hewa inayosukuma. Darasa lilifurahi sana siku ile. Mtu kutoka Newala amekosea, na Galileo amekosea, na wote wawili walikosea kwa sababu walikuwa wanafikiri.

Kitu kingine alichokifanya Madamu, na naona ndicho kilichofungua midomo yetu, ni lugha. Shule ilikuwa na kibao cha kutuamuru tuzungumze Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi alibeba hofu mbili: kukosea sayansi na kukosea sarufi. Yeye alisema, "Nipe wazo kwanza, kwa lugha uliyo nayo." Ukishalitoa kwa Kiswahili, mlisaidiana kulivusha hadi Kiingereza cha mtihani. Kwenye Kemia, Kiingereza kilikuwa sharti tangu sentensi ya kwanza, na matokeo yake waliojibu walikuwa walewale wanne, siku zote.

Gharama yake ilikuwepo, na ilitulipisha. Madamu hakumaliza silabasi. Mada za mwisho za kidato cha nne, elimu ya nyota na sayari na elektroniki, tulizisoma wenyewe kwenye prepo kwa kuazimana madaftari ya shule nyingine. Waliokuwa dhaifu kwenye kuandika walibaki na madaftari yasiyo na kichwa wala miguu. Kwenye matokeo ya taifa, darasa letu lilifanya vizuri zaidi Kemia kuliko Fizikia, na mtu akiniambia hilo linatosha kumpa ushindi mwalimu wa Kemia, nitamsikiliza kwa heshima. Cheti ndicho kinachofungua mlango wa chuo, na mtoto wa mkulima hana mlango wa pili.

Hata hivyo naendelea kumpa ushindi Madamu, kwa sababu ya kazi ninayoifanya. Mimi ni bwana shamba, na kwenye mikoa yetu hiyo maana yake ni korosho, na korosho maana yake ni kupambana na ugonjwa wa ubwiriunga. Mzee mmoja aliwahi kuniambia kwamba salfa inaua ugonjwa kwa ukali wa harufu, kwa hiyo yeye hupuliza saa saba mchana jua likiwaka, ili harufu isambae vizuri shambani. Mafunzo yangu ya kwanza yalinitaka nimkatishe nimpe kanuni: mzee wangu, puliza alfajiri. Wangapi wameshampa kanuni hiyo! Nikamwomba tulifuate wazo lake. Kama ni harufu, mbona matawi ya upande unakoelekea upepo hayaponi yote? Tukaenda kuyatazama majani. Unga wa salfa haukuwa umeshika popote. Umande wa kuushikiza ulishakauka saa hizo na upepo umeanza, salfa yote imeondoka. Ubwiriunga ni kuvu. Salfa inafanya kazi ikiwa imetua juu ya jani na ua kabla kuvu haijaota. Mzee alibadilisha saa za kupuliza kwa hoja aliyoiona kwa macho yake, na sasa anawafundisha majirani.

Naamini wadhibiti ubora wa shule wanaweza kuligusa hili. Wanapokuja wanakagua azimio la kazi, andalio la somo, na mada ipi imefikiwa. Sawa. Wakae basi hadi mwanafunzi akosee, waandike mwalimu alifanya nini. Tumechangia maabara za shule za kata, kampeni ilipamba moto mwaka 2014 hadi kila kijiji kikaguswa, lakini ndani ya maabara hizo mtoto bado anaweza kuambiwa "kaa, mwingine." Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unazungumzia umahiri. Umahiri haujengeki pale ambapo mwenye wazo la makosa analificha.

Najua jibu la walimu: darasa lina wanafunzi themanini, vipindi ni dakika 40, mtihani hausubiri. Ni kweli. Hakuna anayedai kila kosa lifuatwe. Moja kwa mada linatosha, lile ambalo mwalimu mzoefu anajua nusu ya darasa wanalo, kama lile la magneziamu. Linachukua dakika kumi.

Na kuna jambo ambalo halihitaji hata waraka kutoka wizarani. Walimu wangu wale wawili vyumba vyao vilitenganishwa na ukuta mmoja, na kwa miaka yote niliyokaa pale sikumwona hata mmoja wao akiingia kwenye kipindi cha mwenzake. Mwalimu wa Kemia alikuwa na mpangilio ambao Madamu aliuhitaji sana, Madamu alikuwa na ile "tulifuate." Mwalimu wa taaluma awapangie walimu wa namna hiyo kipindi kimoja kwa wiki wakaliane darasani, na aanze muhula huu.