Nano kiwandani: tusikimbilie tangi kubwa

Utafiti wa nano, yaani wa chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita), ukikwama kati ya chuo na soko, lawama zote huangukia mtaji. Mtaji ni shida kweli, lakini kuna hatua tunayoiruka kabla ya kufika huko: kuhakikisha kwamba kilichotengenezwa Jumatatu ndicho kitakachotoka Ijumaa, kikiwa na ukubwa uleule na nguvu ileile.

Tuchukue chembe nano za madini ya fedha, zinazotiwa kwenye vichujio vya maji ili kudhibiti bakteria. Njia inayofundishwa vyuoni ni nyepesi. Unapoza kwenye barafu mililita 30 za sodiamu borohaidraidi (kemikali inayogeuza nitrati ya fedha kuwa chembe za fedha) yenye ukolezi wa milimola 2 kwa lita, unakoroga, huku ukidondosha mililita 10 za nitrati ya fedha yenye milimola 1 kwa lita, tone moja kila sekunde. Dakika tatu na ushee baadaye una maji ya njano angavu, yenye chembe za nanomita 12 hivi.

Sasa taka lita 200. Nitrati peke yake inafika lita 50. Tone likiwa na mililita 0.05, kudondosha kwa mwendo ule kutachukua siku 11 na nusu. Hakuna atakayesubiri, basi mtu anamimina. Borohaidraidi haingoji ukoroge. Inafanya kazi papo hapo. Pale mkondo unapoingilia fedha imejaa, ukutani mwa tangi bado haijafika. Chembe zinazaliwa kwa zamu, nyingine ndogo, nyingine kubwa, kisha zinashikamana. Njano inageuka kijivu na mkupuo mzima, yaani kiasi chote kilichotengenezwa kwa mara moja, umeharibika. Tena borohaidraidi inaharibika ikikaa majini, kwa hiyo ya asubuhi si ya mchana, na inapoharibika hutoa hidrojeni. Kwenye bika hutaiona. Kwenye tangi lililofunikwa inaweza kulipuka.

Ndiyo maana napinga wazo la kununua tangi kabla ya kitu kingine chochote. Anza na pampu mbili na kiungio cha T chenye mirija ya milimita chache: mililita 37.5 za borohaidraidi kwa dakika upande mmoja, mililita 12.5 za nitrati upande wa pili. Vimiminika vinachanganyikana mahali padogo palepale, muda wote. Kwa saa nane unapata lita 24. Ukitaka zaidi, ongeza mirija ya kipimo kilekile; usiipanue. Ubaya wake ni kwamba fedha hujipaka ukutani mwa mrija kama kioo na kubana njia, kwa hiyo panga ratiba ya kuusafisha kwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa, halafu usuuze kwa maji safi mpaka asidi iishe.

Maji nayo yasichukuliwe kirahisi. Ya bomba yana kloridi, na kloridi ikikutana na nitrati ya fedha unapata ukungu mweupe badala ya chembe. Tumia maji yaliyokenekwa, na uyapime kila siku, hata kama muuzaji ni yuleyule.

Kila mkupuo upite kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na kimiminika. Chembe hizi hufyonza mwanga zaidi, yaani kilele chake kiko, kwenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 400. Kikihama au kikitanuka, mkupuo usitoke. Weka sampuli kwenye chupa nyeusi yenye tarehe. Kisha pima kichujio chenyewe: fedha inayovuja kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 0.1 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema kinavumilika. Kichujio kinachoua bakteria wiki ya kwanza kwa sababu kinamwaga fedha yake yote hakifai kuuzwa.

Arusha tunao mfano wa kutia moyo. Mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, na kupata pauni 25,000 kwa kichujio chake kinachounganisha mchanga na nano. Tuzo za namna hii zinastahili pongezi, lakini zinalipia wazo. Ninachokitaka kwa wafadhili na vyuo vyetu ni bajeti ya mkupuo wa mia: mshahara wa fundi wa vipimo, spektrofotomita isiyoazimwa maabara ya jirani, na gharama za kupeleka sampuli Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mara kwa mara, kabla hata msingi wa kiwanda haujachimbwa.