Mauaji ya Likoni hayafiki Hague

Usiku wa 13 Agosti 1997, genge lenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, Mombasa, likaua askari na kupora bunduki. Siku zilizofuata watu waliotoka bara waliuawa, vibanda vyao vikatiwa moto, na wengi wakakimbilia kanisani. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza. Hakuna mwanasiasa hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa kuyapanga mauaji hayo.

Hague haiwezi kuwasaidia wafiwa hao, maana mamlaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko huko yanaanzia 1 Julai 2002. Na wanaoipinga mahakama hiyo wana hoja nzito. Kwa miaka mingi washtakiwa wake wote walikuwa Waafrika, huku Marekani, Urusi na China zikikataa kujiunga. Kesi za ghasia za uchaguzi wetu wa 2007 zilianza na washukiwa sita, zikaporomoka moja moja hadi 2016. Hakuna aliyehukumiwa.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaosema mahakama hizi zote ni bure. Jirani hapa Arusha, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilimshtaki Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Hati ya kwanza ya mashtaka haikutaja ubakaji kabisa. Ni mashahidi wanawake waliosimama wakaeleza yaliyowapata, wao na mabinti zao, hadi hati ikarekebishwa. Septemba 1998 majaji wakaamua kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Uamuzi wa namna hiyo haukuwahi kutolewa popote, na ulipatikana kwa sababu kulikuwa na mahali pa kusema.

Mombasa mahali hapo papo. Maharamia wa Kisomali waliokamatwa na manowari za kigeni walishtakiwa katika mji huu, na 2010 ukafunguliwa ukumbi maalumu wa mahakama Shimo la Tewa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mahakama Kuu iliposema haina mamlaka juu ya bahari kuu, Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo mwaka 2012. Mataifa makubwa yalitaka meli zao zipite salama, basi njia ikapatikana haraka. Aliyeuliwa Likoni hana manowari ya kumsemea.

Kwa sheria za Kenya, kesi ya mauaji haina ukomo wa muda. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anaweza kuzifungua faili za Likoni sasa, mashahidi wakiwa wangali hai.