Tabibu wa zahanati na uvimbe usiouma

Shangazi yangu anayeishi Mbagala alikuwa na daftari la kurasa 32, lile ambalo mgonjwa hulinunua dukani kabla ya kuingia zahanati, na ndani yake palikuwa na maandishi ya miezi saba. Mara tatu aliandikiwa dawa za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mara moja dawa za fangasi, na mara moja akaambiwa ni mabadiliko ya kawaida ya umri. Katika kila mojawapo ya kurasa hizo tano, juu ya majina ya dawa, tabibu aliandika kwa mwandiko safi kabisa kwamba mgonjwa ana miaka 58 na anatokwa damu. Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka minane nyuma. Dalili ilisikika na ikaandikwa, lakini haikumwambia kitu mtu aliyeiandika. Sioni sababu ya kuitaja zahanati hiyo, kwa kuwa ingeweza kuwa nyingine yoyote.

Nimelikumbuka daftari hilo kwa sababu ya hoja ninayoisikia kila unapozuka mjadala kuhusu kuwafundisha watumishi wa zahanati na vituo vya afya kuzitambua dalili za awali za saratani. Hoja yenyewe ni kwamba mafunzo hayo ni kuanza kuezeka nyumba kabla ya kujenga msingi: kipimo cha kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachokatwa kwenda kuchunguzwa maabara, huchukua majuma, madaktari wa kusoma vipimo hivyo ni wachache, mionzi kwa miaka mingi ilipatikana Ocean Road peke yake, taasisi ya saratani iliyopo Dar es Salaam, na hata leo, pamoja na hospitali ya Bugando ya Mwanza, foleni haijaisha. Wanaosema hivyo wanauliza faida ya kumgundua mtu mapema ni nini, kama atakwenda kusubiri mahali palepale.

Hoja hiyo haistahili kudharauliwa, na inayo nguvu zaidi ya ile inayopewa kwa kawaida. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikadiria kuwa mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 40,000. Ukiwagawa kwa idadi ya watu, zahanati inayohudumia watu 10,000 itarajie wagonjwa wapya sita au saba kwa mwaka, saratani zote kwa pamoja, za watoto na za wazee. Tabibu huyo huyo, katika kipindi hicho hicho, ataonana na maelfu ya watu wenye homa, kikohozi, maumivu ya tumbo na uvimbe ambao si kitu. Kumtaka aitambue sura anayokutana nayo mara moja kila baada ya miezi miwili, tena ikiwa imejificha ndani ya malalamiko yanayofanana na ya wengine wote, si jambo dogo. Tena tunazijua semina zetu: siku mbili hotelini, posho, picha ya pamoja na cheti ukutani, na baada ya mwaka aliyefundishwa amehamishiwa wilaya nyingine.

Hata hivyo, hoja hiyo imejengwa juu ya dhana ambayo ni nadra mtu kuigusa, kwamba mafunzo ndiyo yatakayoleta wagonjwa. Wagonjwa wanakuja hata bila mafunzo. Kwa miaka mingi Ocean Road imekuwa ikieleza kwamba kati ya wagonjwa 10 wanaoipokea, saba au zaidi hufika wakiwa hatua ya tatu au ya nne, zile za mwisho. Maana yake ni kwamba foleni tunayoiogopa imekwishajaa, na imejaa watu walio katika hatua inayodai mionzi mingi zaidi, kitanda kwa muda mrefu zaidi, damu na dawa za maumivu. Mwanamke mwenye mabadiliko ya awali kwenye mlango wa kizazi, akionekana kwa kipimo cha siki, ambapo siki hupakwa na sehemu yenye kasoro ikageuka nyeupe, muuguzi aliyefundishwa anaweza kumtibu siku hiyohiyo kwa tiba mgando, yaani kuigandisha sehemu hiyo kwa baridi kali, na akarudi nyumbani kwa bajaji. Mwanamke huyohuyo akifika miaka kadhaa baadaye atahitaji majuma ya mionzi jijini, na nauli, na ndugu wa kumpikia. Anayesema tujenge kwanza uwezo wa kutibu ndipo tufundishe anatutaka, bila kukusudia, tuijenge hospitali kwa kipimo cha ugonjwa uliochelewa.

Mfano ninaoupenda, na ambao nimeutafakari mara nyingi, ni wa jimbo la Sarawak nchini Malaysia. Kuanzia mwaka 1994 watumishi wa hospitali na zahanati za vijijini, wengi wao wauguzi, walifundishwa dalili za saratani tatu, na wananchi wakaelimishwa kwa mabango na vipeperushi. Mwaka ule wa kwanza asilimia 60 ya wagonjwa wa saratani ya matiti walifika katika hatua ya tatu au ya nne. Kufikia 1998 walikuwa asilimia 35. Kwa mlango wa kizazi, asilimia 60 ilishuka hadi 26. Gharama ya miaka yote mitano ilikuwa chini ya dola 35,000 za Marekani, fedha isiyotosha hata kununua gari moja jipya la mradi, yale meupe tunayoyaona yameegeshwa mbele ya kumbi za semina.

Takwimu hizo zina mipaka yake. Halikuwepo eneo la kulinganisha, Malaysia ina fedha kuliko sisi na hospitali zake za umma hutoza kidogo sana, na kufika mapema si sawa na kupona. Zaidi ya hayo, saratani ya tatu, ile ya nyuma ya pua, haikubadilika: asilimia 88 walichelewa mwanzoni, na asilimia 91 mwishoni. Kwangu mimi kushindwa huko ndiko kunakoufanya mfano wote uaminike. Uvimbe wa titi hushikika kwa vidole na damu isiyotarajiwa huonekana, lakini kilichojificha nyuma ya pua hakimpi muuguzi cha kushika hata afundishwe namna gani. Hapa kwetu saratani ya koo la chakula iko katika kundi hilo, kwa kuwa mgonjwa anapoanza kukwama na ugali mara nyingi muda umekwishapita. Kwa hiyo mafunzo yanayotaka kugusa kila saratani yatapoteza nguvu, na afadhali tuchague chache zinazoonekana: matiti, mlango wa kizazi, jicho la mtoto linalong'aa weupe kwenye mboni, taya la mtoto linalovimba na kudhaniwa ni jino.

Kuhusu hofu ya kupeleka rufaa watu wasio na ugonjwa, Uingereza, kwa mwongozo wake wa 2015, inamtaka daktari wa familia ampe mgonjwa rufaa ya haraka pale uwezekano wa saratani unapofikia asilimia 3, yaani inakubali kwamba 97 kati ya 100 huenda wakarudi nyumbani salama. Sisi hatuwezi kuumudu wingi huo. Lakini tabibu wetu tayari anauliza kila mgonjwa kama amekohoa wiki mbili au zaidi, kwa ajili ya kifua kikuu, na hakuna anayemwambia aache kwa sababu wengi wao hawana.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kwamba rufaa haina njia ya kurudi: zahanati haiambiwi mgonjwa wake alikutwa na nini. Mafunzo ya tiba ya watoto yaliyojaribiwa Rufiji na Morogoro Vijijini mwishoni mwa miaka ya 1990, ambako vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kuliko wilaya za jirani, yalikwenda pamoja na usimamizi wa wilaya na mtu wa kumtembelea aliyefundishwa. Tabibu anayekutana na saratani mara sita kwa mwaka anajifunza kwa kuambiwa zile sita zilikuwa nini.

Ukurasa wa sita wa daftari la shangazi uliandikwa na muuguzi aliyekuwa zamu siku ambayo tabibu hakuwepo, naye aliwahi kufundishwa kipimo cha siki. Ameandika umri, ameandika damu, amepigia mstari chini yake, na akatoa rufaa. Kinyama kilichukuliwa, majibu yakatoka baada ya wiki tano, na matibabu yanaendelea. Tabibu aliyeandika zile kurasa tano za mwanzo bado yupo pale zahanati, na hajapelekewa hata mistari miwili ya kumwambia kilichoonekana.